Mjadala: Kasuku mkubwa afugwe nyumbani, au ipigwe marufuku?

Wadau, hoja ni hii: mtu binafsi aruhusiwe kufuga kasuku mkubwa? Nazungumzia kasuku wa kijivu wa misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi, na wale wa Amerika Kusini wenye mikia mirefu.

Msimamo wangu nautoa mapema. Walioko majumbani watunzwe hadi siku yao ya mwisho, ila kuwazalisha wengine kwa ajili ya kuuza kukomeshwe.

Watetezi huanza hivi: "Wangu hakutegwa msituni, amezaliwa kizimbani." Siidharau hoja hiyo. Utegaji umewapunguza sana kasuku wa kijivu, hadi mwaka 2016, kwenye mkutano wa Johannesburg, nchi wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia uuzaji wa wanyama na mimea ya porini kati ya nchi na nchi, zikapiga kura kuzuia biashara ya kimataifa ya wanaokamatwa porini. Lakini kuzaliwa kizimbani hakumgeuzi kuwa mbwa au kuku. Hao wameishi na binadamu maelfu ya miaka. Kasuku, babu wa babu yake alikuwa bado anaruka na kundi, na silika ni ile ile: kwenda mbali kutafuta matunda, kuitana na wenzake kutwa, kushikamana na mwenzi mmoja.

Sasa mwenzi huyo unakuwa wewe. Unakwenda kazini asubuhi, unarudi jioni, naye ameshinda peke yake akiita. Wengi huishia kupiga mayowe, kung'ata, au kujinyonyoa manyoya ya kifua mpaka ngozi inabaki wazi. Nawaomba msiuite huo ukorofi. Alex, kasuku wa kijivu aliyefundishwa na mtafiti Irene Pepperberg huko Marekani, alitaja rangi na maumbo, na kuhesabu vitu hadi sita. Akili kama hiyo haitoshelezwi na bakuli la alizeti na kijioo cha kujitazamia.

Wapo wanaoshinda nyumbani, wenye kizimba kikubwa na daktari wa ndege. Wanajua hata kwamba parachichi ni sumu kwake, na kwamba moshi wa kikaango kisichogandisha kikipata moto kupita kiasi unaweza kumuua upesi. Nawaheshimu. Ila sheria haiwezi kutungwa kwa kumtazama mfugaji bora. Lazima imtazame pia yule anayenunua kwa sababu tu alimsikia ndege akisema "habari".

Umri ndio unaoniuma zaidi. Ndege hawa wanaweza kuishi miaka 40, 50, wengine zaidi. Aliyemnunua akiwa mtu mzima huenda akatangulia yeye. Watoto hawamtaki, ndege anapitishwa mkono kwa mkono, na kila anapohamishwa anampoteza aliyemfanya mwenzi wake.

Basi mnaotetea, nijibuni: ukifa leo nani atamchukua, naye ameshakubali, na ndege amemzoea? Na leseni yenye sharti hilo ingetosha badala ya marufuku? Mimi naona haitoshi, lakini nipeni hoja zenu.