Ushauri: Je, tuziondoe filamu za drama katika ukumbi wetu wa sinema hapa Kisumu?

Msimamizi wa Ratiba (Kisumu)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Ninapanga ratiba ya maonyesho katika ukumbi mdogo wa sinema hapa Kisumu, wenye skrini mbili, na ninahitaji ushauri wenu kabla ya kikao changu na mwenye ukumbi mwishoni mwa mwezi. Amekwisha kuamua kwamba kuanzia msimu ujao tuache kabisa kuleta filamu za drama, yaani zile hadithi za ndoa, mirathi, ugonjwa, kesi na siasa zinazowalenga watu waliokwisha kuonja maisha, ili skrini zote mbili zibakie kwa filamu za mapigano, za kutisha na katuni za watoto. Hoja yake ni ya hesabu, na kwa kuwa mimi ndiye ninayefunga hesabu hizo kila Jumapili usiku, sina cha kumpinga nacho. Filamu ya mapigano hutujazia zaidi ya nusu ya viti Ijumaa na Jumamosi, ilhali drama huanza na watu wachache na mara nyingi huondolewa kabla ya juma la pili.

Kinachonitatiza ni kwamba watu wa umri wangu, wenye kipato na hata muda, hunisimamisha Oginga Odinga Street wakiziulizia filamu hizo hizo, kisha hawaji. Baadhi yao huniambia bila kuficha kwamba watasubiri zifike kwenye simu. Tiketi yetu ni shilingi 500 na onyesho kuu la jioni huanza saa moja na nusu. Naomba mnieleze mnachodhani kinawazuia, na kama ipo njia ya kuziuza filamu hizi bila kumtia mwenye mali hasara.

Mhakiki wa Milimani

Ndugu Msimamizi, tatizo lako lina umri mkubwa kuliko ukumbi wako, na halikuanzia Nyanza. Mwaka 1979 filamu iliyoongoza kwa mapato nchini Marekani ilikuwa Kramer vs. Kramer, hadithi ya mume na mke wanaotalikiana na kugombea malezi ya mtoto wao, isiyo na bunduki wala jengo linalolipuka. Linganisha na mwaka 2022, ambapo Steven Spielberg, ambaye jina lake peke yake liliwahi kutosha kujaza kumbi, alitoa The Fabelmans. Filamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo 7 za Oscar, na bado mapato yake ya kumbi za Marekani hayakufika dola milioni 20. Watu hawakuacha kupenda hadithi za familia katika miaka hiyo iliyopita katikati. Kilichobadilika ni gharama ya kusubiri.

Zamani aliyeikosa filamu ukumbini angengoja miezi kadhaa kabla ya kuipata kwa kanda au televisheni, kwa hiyo drama ilikuwa na nafasi ya kukaa wiki nyingi, ikajazwa polepole na maneno ya watu waliotoka kuitazama. Kabla ya janga la korona, studio kubwa za Marekani ziliziachia kumbi takriban siku 90 za kuwa na filamu peke yao, lakini Julai 2020 studio ya Universal na AMC, kampuni kubwa ya kumbi za sinema, zilikubaliana kwamba filamu ingeweza kukodishwa nyumbani baada ya siku 17 tu, na studio nyingine nazo zikaanza kufupisha muda huo, kila moja kwa kiwango chake. Sasa mtazame kijana wa miaka 20 anayengojea filamu ya mashujaa. Kwake kusubiri ni hasara, kwa maana Jumatatu wenzake watakuwa wamekwisha kumsimulia nani alikufa na nani alirudi. Mtu wa miaka 45 anayetaka kuona hadithi ya mjane na shemeji zake hana wa kumharibia utamu. Akiiona leo au baada ya miezi miwili, ni ile ile. Tena yeye huamua taratibu, husoma, huuliza aliyeiona, huangalia kalenda ya ada za shule, na anapofikia uamuzi wewe umekwisha kuiondoa. Biashara ya ukumbi inamhukumu kila mtu kwa wikendi ya kwanza, na mtazamaji huyu si mtu wa wikendi ya kwanza.

Kuna jambo la pili ambalo wenye kumbi hawalioni kwa sababu halimo katika vitabu vyao. Filamu ya gharama ya kati, kama zilivyo drama nyingi, huhitaji matangazo yanayokaribiana kwa bei na ya filamu kubwa ili isikike, na ndiyo maana studio huona heri ziipeleke moja kwa moja kwenye mtandao, ambako haihitaji kushinda Ijumaa yoyote. Ukimweleza hayo mwenye ukumbi, mtajie pia Oppenheimer ya Julai 2023: mazungumzo ya wanasayansi na wanasiasa kwa muda wa saa tatu, na ikakusanya zaidi ya dola milioni 900 duniani. Iliuzwa kama tukio ambalo ungekosa heshima kwa kulikosa, na ilipigwa picha kwa namna iliyowafanya watu waamini kwamba skrini ya nyumbani ingewapunja. Drama ya kawaida haina fahari hiyo, kwa hiyo ni lazima uitafutie sababu nyingine ya kumfanya mtu asisubiri.

Nyar Kano

Mhakiki amesema vyema, ila amekwenda mbali sana kutafuta jibu lililopo kituo cha matatu. Mimi ndiye yule mtu wa miaka 45. Filamu yako ikianza saa moja na nusu, kwa kawaida itaisha karibu saa nne kasorobo, na wakati huo mimi ninayelala upande wa Ahero sina matatu ya kuaminika, na sitapanda bodaboda usiku huo katika barabara ile. Nikija na mume wangu ni shilingi 1,000 za tiketi kabla ya nauli, bisi na soda, na kabla ya kumwomba dada wa nyumbani abaki na watoto hadi usiku, jambo ambalo nalo lina bei yake. Kwa fedha hizo nalipia intaneti ya siku nyingi. Kumbuka pia kwamba kuanzia mwaka 2021 Netflix ilikuwa na mpango wa bure kwa wenye simu za Android hapa Kenya; walipouondoa mwaka 2023, mazoea ya kutazamia filamu kitandani yalikuwa yamekwisha kukita mizizi.

Onyesho lenye giza la kuingilia na giza la kutokea ni onyesho la vijana wanaoishi katikati ya mji. Jaribu Jumapili saa tisa alasiri, baada ya ibada na chakula, ili saa kumi na mbili watu wawe njiani kurudi nyumbani. Usiweke Jumamosi alasiri, kwa kuwa wanaume wote watakuwa kwenye mpira wa Uingereza, na wengi wetu wanawake hatupendi kuja peke yetu kutazama hadithi ya kututoa machozi.

Mwalimu Mstaafu, Maseno

Bwana Msimamizi, naongeza moja kutokana na miaka yangu ya kufundisha Fasihi. Vikundi vya maigizo huzunguka shule zetu kila mwaka na tamthilia za vitabu teule, na kumbi za shule hujaa hadi wanafunzi wanakaa madirishani, ilhali mchezo ule ule ukitangazwa mjini kwa umma, huenda wakaja ndugu za waigizaji pekee. Tofauti ni kwamba shuleni tiketi hainunuliwi na mtu mmoja mmoja; uamuzi hufanywa na mwalimu mkuu, na watazamaji huja kwa pamoja wakiwa na sababu ya kuzungumza baadaye.

Kwa hiyo acha kumuuzia mtu, uza kwa kikundi. Nenda kwa vyama vya kina mama, kwa sako za walimu na wauguzi, kwa makundi ya wanandoa makanisani, kwa wanasheria wanaoshughulikia mirathi. Hao wana mikutano yao ya kila mwezi na daima wanatafuta pa kwenda. Waachie nusu saa baada ya filamu wazungumze, na awepo mtu anayeijua mada. Huwezi kuamini jinsi watu wa makamo wanavyopenda kubishana kuhusu urithi wa shamba wakipewa kiti na kipaza sauti.

Nadhani pia historia yetu ya kutazama ina mchango wake. Wengi wa wateja wako walijifunza sinema katika vibanda vya video, ambako filamu ilikuwa ya mapigano na sauti ya DJ Afro ikiisimulia juu yake, na mtu alilipa shilingi chache akapiga kelele na wenzake. Hadithi za machozi walizipata kwenye televisheni ya sebuleni baada ya habari za jioni. Ukumbi kwao ni mahali pa kelele, na drama ni jambo la nyumbani. Mgawanyo huo hautaondoka kwa bango moja.

Kijana wa Kondele

Wazee wangu, kwa heshima, mnaulizana kwa nini watu hawaji bila kuuliza wanaonyeshwa nini. Drama nyingi zinazoletwa hapa zinahusu watu wa New York wenye matatizo ya nyumba kubwa kupita kiasi. Nigeria Desemba 2023 Funke Akindele alitoa A Tribe Called Judah, habari ya mama anayelea wana watano peke yake, na ikawa filamu ya kwanza ya Nigeria kuvuka naira bilioni moja katika kumbi za nchi hiyo. Najua ina vichekesho na wizi ndani yake, si drama ya kimya, lakini moyo wake ni mama na wanawe. Ilitolewa msimu wa sikukuu, familia zikiwa pamoja. Na sisi Desemba mji huu unajaa watu waliotoka Nairobi kuja nyumbani, wana fedha ya likizo, na baada ya siku mbili za kijijini wanatafuta sababu ya kushuka mjini. Wakati huo ninyi huweka katuni asubuhi hadi usiku.

Msimamizi wa Ratiba (Kisumu)

Nawashukuru. Dada Nyar Kano, suala la saa limenigusa kwa sababu sikuwahi kulipima. Tuliiga ratiba za Nairobi, ambako wateja wengi wana magari. Kijana wa Kondele, Desemba nakubali, lakini jua kwamba filamu kubwa huja na masharti. Msambazaji hutaka idadi fulani ya maonyesho kwa siku, saa nzuri zikiwa zake, na mgawo wake wa tiketi huwa mkubwa zaidi katika juma la kwanza, kiasi kwamba sisi hupata faida yetu zaidi kwenye bisi kuliko kwenye filamu. Nikimwambia nataka kuonyesha drama yake mara moja kwa juma, Jumapili peke yake, atanicheka. Hapo ndipo ninapokwama.

Aliyekuwa Usambazaji (Nakuru)

Nimefanya kazi hiyo upande wa pili wa meza, basi nikujibu. Atakucheka ukimwomba hivyo katika juma la uzinduzi. Mwombe filamu ile ile majuma matano au sita baadaye, ikiwa imemaliza Nairobi na haimwingizii chochote, na utashangaa jinsi masharti yanavyolegea. Kopi ya kidijitali iko tayari, yeye hana gharama mpya. Watazamaji wako, kama Mhakiki alivyoeleza, hawana haraka. Hasara pekee ni kwamba huenda wakati huo imefika mtandaoni, lakini aliyekuja kwa sababu ya chama chake na mazungumzo hajali hilo.

Kwa filamu za Kenya, zungumza na mtayarishaji mwenyewe. Wengi watakubali mgawo wa nusu kwa nusu kwa onyesho moja kuliko kuacha kazi yao ikae bure, na baadhi watasafiri kuja kujibu maswali ukiwalipia basi na chumba. Hakikisha mambo mawili yameandikwa: kwamba ana haki ya kukupa ruhusa ya maonyesho ya umma, na kwamba filamu imeainishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, kwa sababu onyesho la umma bila cheti hicho litakuletea maofisa mlangoni. Usithubutu kuonyesha kutoka kwenye akaunti ya mtu ya mtandaoni hata kama amekulipia. Haki hiyo ni ya nyumbani tu.

Ama sababu ya kumfanya mtu asisubiri, weka ukomo wa muda: kumbukeni Septemba 2018, Mahakama Kuu ilipoondoa kwa siku 7 marufuku dhidi ya Rafiki, filamu ya Kenya kuhusu mapenzi ya wasichana wawili. Watu walipanga foleni kwa sababu walijua baada ya juma mlango utafungwa. Sisemi utafute marufuku, na mvutano ule ulikuwa na uzito wake ambao hauigwi. Nasema tangazo lisomeke "Jumapili moja tu", na liwe kweli, hata ukumbi ukijaa. Ukirudia onyesho kwa tamaa, watu watajifunza tena kusubiri. Hapa Nakuru wapenzi wa ukumbi wa maigizo wa Nakuru Players Theatre huja kwa sababu mchezo una tarehe zake na ukipita umepita.

Mhakiki wa Milimani

Nakubaliana naye, na naongeza jambo la kikao chako. Usikubali drama ipimwe kwa mapato ya juma, kwa kuwa itashindwa daima. Linganisha viti vilivyojaa katika onyesho la Jumapili saa tisa na vile ambavyo filamu ya mapigano hujaza saa hiyo hiyo katika juma lake la tatu. Nina hakika saa hiyo ukumbi wako huwa karibu mtupu.

Msimamizi wa Ratiba (Kisumu)

Ni karibu mtupu kweli, na hesabu hiyo ninayo. Basi nitamwomba mwenye ukumbi aniachie skrini ndogo, Jumapili ya mwisho ya kila mwezi saa tisa alasiri, kwa muda wa miezi sita, viti vikiuzwa kwanza kwa vikundi kupitia M-Pesa na vilivyobaki mlangoni. Filamu ya kwanza nitaitafuta kwa watayarishaji wa hapa Kenya. Desemba sitaitaja katika kikao hiki, maana katuni za sikukuu ndizo zinazolipa umeme wetu wa Januari. Mwalimu, kama sako ya walimu wa Maseno ina mwenyekiti anayependa mijadala, naomba unikutanishe naye kabla sijachapisha bango.

Mwalimu Mstaafu, Maseno

Yupo, na anapenda kupita kiasi. Mpe dakika tano za kuzungumza, si zaidi. Nitakuandikia faraghani.