Kikundi chetu kibandue magome zaidi, au kuna njia nyingine ya kupata bei ya asali?

Katibu wa kikundi, Sikonge
Shikamooni wakubwa. Kikundi chetu kina watu 14 na tunarina asali katika msitu wa kijiji. Mnunuzi hutufuata na kununua kwa ndoo ya lita 20, na msimu uliopita alitushushia bei kwa madai kwamba asali yetu ni nyepesi na huchachuka upesi. Baadhi yetu wanataka tufidie hasara hiyo kwa kubandua magome mengi zaidi ili tuongeze mizinga ya magome. Mimi ninasita, kwa sababu miti tuliyoibandua zamani imekauka ikiwa imesimama. Naomba ushauri.

Mzee mrina asali, Kaliua
Marahaba, mwanangu. Una haki ya kusita. Gome likibanduliwa kuuzunguka mti mzima, chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena mizizini, na mti hufa hata kama kwa muda bado unaonekana kijani. Ukiua mtundu, mti wa miombo tunaoubandua gome, umeua pia maua ambayo nyuki wa mzinga huohuo wangeyategemea. Nimebandua magome tangu ujanani, na leo natembea mbali kuliko alivyotembea marehemu baba yangu kuifikia mizinga yake. Jambo hilo linaniuma. Acheni pia kienge, yaani mwenge wa nyasi wa kufukuzia nyuki, kwa maana huunguza nyuki, huitia asali harufu ya moshi, na cheche zake wakati wa kiangazi huwasha msitu. Tumieni bomba la moshi.

Mhitimu wa Chuo cha Nyuki, Tabora
Nakubaliana na mzee, nami naongeza kuhusu bei. Asali inayochachuka kwa kawaida ni ile iliyorinwa mbichi, kabla nyuki hawajapunguza maji yake. Sega likiiva, nyuki hulifunika kwa nta, basi rineni yaliyofunikwa, mkiacha majana, yaani watoto wa nyuki, na akiba ya asali, kwa sababu kundi lililonyang'anywa chakula chote huhama. Kiwango cha kimataifa kwa asali ya kawaida ni maji yasiyozidi asilimia 20. Kisha achaneni na ndoo: lita moja ya asali iliyoiva ina uzito wa kilo 1.4 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni takriban kilo 28, na anayewalipa kwa ndoo huku akiuza kwa kilo hujipatia faida iliyostahili kuwa yenu. Masega yaliyokamuliwa msiyatupe; yayeyusheni katika maji ya moto, mchuje kwa kitambaa, na nta muiuze peke yake.

Mama mfugaji nyuki, Urambo
Tusisahau kwamba mzinga wa mbao unahitaji fedha, ilhali gome ni la bure, na ndiyo maana watu hawaliachi kwa kuambiwa tu. Sisi tulianza na mizinga michache ya mbao, tukaongeza kila msimu kutokana na mauzo, na tuliitundika mbali na mashamba ya tumbaku yanayopuliziwa dawa. Ombeni pia halmashauri ya kijiji itunge sheria ndogo ya kukataza kubandua miti hai, ili anayejizuia asiwe anamwachia jirani magome.

Katibu wa kikundi, Sikonge
Asanteni sana. Mnunuzi akikubali kilo, je, tupime kwa mzani wake?

Mhitimu wa Chuo cha Nyuki, Tabora
Hapana, ndugu katibu. Nunueni wenu uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo, mpime mbele yake, na uzito wa ndoo tupu muutoe kwanza.