Naomba ushauri: kuwafundisha vijana kukaba kwenye raga

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari moja huku Uyole, Mbeya. Vijana wangu wa kidato cha pili waliwaona Wakenya wakicheza raga ya wachezaji saba, tangu hapo hawaambiwi kitu. Tumepata mpira mmoja, tumeanza.

Pointi wanazijua: trai (kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani) 5, mkwaju wa baada yake 2, penalti 3. Kupasia nyuma nako wamezoea, ingawa wale wa soka bado mikono inawapeleka mbele.

Kinachoninyima usingizi ni kukaba, yaani kumkamata mwenye mpira na kumwangusha. Sheria hairuhusu kumkaba mtu juu ya mabega, wala kumgonga kwa bega bila kumzungushia mikono. Kila siku nawaambia kichwa kiwe pembeni, kisipite mbele ya magoti ya mwenye mpira. Mchezo ukipamba moto wanasahau. Na kiwanja chetu kiangazi hiki kimekauka kama sakafu. Juzi kijana mmoja alichubuka bega vibaya, mama yake akaja shuleni kwa uchungu, na alikuwa na haki.

Je, tucheze raga ya kugusana tu, bila kuangushana, mpaka mvua za Novemba zilainishe ardhi? Au niwaanzishe kukaba wakiwa wamepiga magoti, juu ya magunia ya pumba za mpunga? Magunia ninayo. Waliowahi kufundisha watoto wa miaka 14 au 15, mlianzia wapi? Na yule mama nimweleze nini?