Gumzo la Ukoo: Shtaka Lililokuja Baada ya Miaka Kumi na Mitano

Shangazi (Tanga): Habari za jioni, ndugu zangu. Nimesoma habari za yule mchezaji wa zamani wa Chuo Kikuu cha Miami, Rashaun Jones, anayeshtakiwa kumuua mchezaji mwenzake, na kuna jambo limenikaa kooni. Bryan Pata aliuawa tarehe 7 Novemba 2006, ilhali Jones alikamatwa tarehe 19 Agosti 2021. Wewe Wakili wetu, au wewe uliyeko huko Florida, nielezeni polisi walikuwa wapi miaka yote hiyo.

Mpwa (Florida): Shikamoo Shangazi, shikamoo Mjomba. Pata alikuwa na umri wa miaka 22, mlinzi wa safu ya mbele katika futiboli ya Kimarekani, na wengi walitarajia angesajiliwa na timu za kulipwa mwaka uliofuata. Jioni hiyo alitoka mazoezini, akafika kwenye maegesho ya nyumba za kupanga alikoishi, na hapo akapigwa risasi ya kichwa. Jina la Jones lilianza kutajwa mapema sana, kwa kuwa wawili hao walikuwa na ugomvi uliojulikana na wenzao, na kwa kuwa hakuonekana katika kikao ambacho makocha walikiitisha usiku uleule baada ya mauaji.

Mjomba (Moshi): Marahaba. Kutohudhuria kikao si ushahidi wa kuua. Nimefundisha vijana wa michezo miaka mingi, na ningemfunga nusu ya timu yangu kwa kosa hilo.

Mpwa (Florida): Ni kweli Mjomba, lakini kuna mengine. Jirani mmoja alisikia mlio, akamwona mtu akiondoka kwa haraka kutoka upande wa maegesho, na alipoonyeshwa picha za watu kadhaa aliichagua ya Jones. Zaidi ya hapo, Jones aliwaambia wapelelezi kwamba usiku ule hakutoka nyumbani, ilhali kumbukumbu za simu yake, kwa maelezo ya polisi, zilionyesha vinginevyo. Kinachonisumbua mimi ni kwamba simu hiyo ni ya mwaka 2006, na jirani alichagua picha hiyo mara ya kwanza mwaka 2007. Hebu niambieni, mwaka 2021 kilipatikana kipya gani?

Shangazi (Tanga): Ndilo swali langu hasa.

Wakili (Dar es Salaam): Shikamooni wazee wangu. Samahani, nilikuwa barabarani. Nianze na sheria. Huku kwetu tunasema jinai haiozi, na Florida ni vivyo hivyo kwa mauaji ya daraja la kwanza, kwani hayana ukomo wa muda wa kushtaki. Haki ya kusikilizwa bila kucheleweshwa, iliyomo katika Marekebisho ya Sita ya Katiba ya Marekani, huanza kuhesabiwa siku mtu anapokamatwa au kushtakiwa, wala si siku kosa lilipotendeka. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1971 katika shauri la Marion. Kwa miaka iliyotangulia shtaka, mshtakiwa hana budi kuonyesha kwamba ucheleweshaji umemnyima haki, na hata akionyesha kuwa ameumia, shauri la Lovasco la mwaka 1977 linasema kwamba upelelezi uliokuwa ukiendelea kwa nia njema hautoshi kulifuta shtaka.

Mjomba (Moshi): Kwa hiyo dola inaweza kukalia jalada miaka 15 na isiulizwe?

Wakili (Dar es Salaam): Inaweza kuulizwa, Mjomba, ila mzigo wa kuthibitisha unamwelemea anayeuliza, na mara nyingi mzigo huo haubebeki.

Mpwa (Florida): Waliouliza walikuwa waandishi wa habari. Mwaka 2020 ESPN, shirika la habari za michezo la Marekani, waliwapeleka polisi mahakamani wakitaka kuona kumbukumbu za upelelezi, na Novemba mwaka huo wakachapisha uchunguzi wao. Baada ya miezi tisa mtu akakamatwa. Sisemi kwamba polisi walifanya hivyo kwa aibu, lakini ningependa wanionyeshe sababu nyingine.

Shangazi (Tanga): Na yeye mwenyewe anasemaje?

Mpwa (Florida): Amekana shtaka tangu mwanzo. Aliwekewa dhamana ya dola 850,000, akashindwa kuitimiza, na miaka minne baada ya kukamatwa alikuwa bado rumande huku tarehe za kesi zikisogezwa. Kisha, mwaka 2025, waendesha mashtaka waliiarifu mahakama kwamba yule jirani amefariki. ESPN wakamtafuta, wakamkuta hai.

Mjomba (Moshi): Hai? Nimesoma mara mbili nikidhani umekosea kuandika.

Mpwa (Florida): Sikukosea, Mjomba.

Wakili (Dar es Salaam): Hilo si kituko tu, maana linagusa kiini cha kesi. Tangu shauri la Crawford la mwaka 2004, maneno ambayo shahidi aliwaambia wapelelezi hayawezi kutumika dhidi ya mshtakiwa iwapo shahidi huyo hayupo kizimbani na upande wa utetezi haukuwahi kupata nafasi ya kumhoji. Akiwa hai ataulizwa alisimama wapi, mwanga ulikuwaje, na alimwona mtu yule kwa muda gani. Nami sijui ni wangapi kati yetu wangeyajibu maswali hayo kuhusu jioni moja ya mwaka 2006. Ndiyo maana nasema ucheleweshaji huu umewaumiza wote wawili: mshtakiwa, na mama wa marehemu anayetaka kumsikia shahidi huyo akisema.

Shangazi (Tanga): Ina maana kesi nzima imeshikiliwa na kumbukumbu za mzee mmoja?

Mpwa (Florida): Pamoja na zile za simu, Shangazi. Bunduki yenyewe haijawahi kupatikana.