Tupeane uzoefu: filamu za anga za bei nafuu, enzi za kukodi kaseti

Assalaam aleikum wanajamvi wa Malindi, Lamu na kwingineko.

Juzi nilitazama filamu mpya ya kubuni ya kisayansi, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo, ambayo kisa chake kinatokea katika duka la kukodisha kaseti za video miaka ya 1980. Duka wamelipatia: majalada yaliyopauka kwa jua, daftari la madeni, deki imewekwa juu ya televisheni. Lakini mhusika mmoja anachomeka penseli kwenye kaseti ya VHS na kuuzungusha ukanda, ilhali hayo yalikuwa mambo ya kaseti za muziki. Ile ya video ilikuwa na kizuizi ndani, na magurudumu yake hayakuzunguka kwa uhuru mpaka ukibonyeze kitundu cha chini.

Kosa la pili ndilo lililonifanya niandike. Filamu nzima imetiwa mikwaruzo, sawasawa, tangu mwanzo hadi mwisho. Kaseti za kukodi hazikuchakaa hivyo, bali zilichakaa pale watu walipopapenda, kwa sababu ukisimamisha picha, ngoma ya ndani ya deki, yenye vichwa vya kusomea, iliendelea kuzunguka mara 1,500 kwa dakika juu ya kipande kilekile cha ukanda. Ukiona mistari myeupe imeanza, ulijua kiumbe wa sayari nyingine yu karibu kutokea.

Nami naona uchakavu huo uliwafaa watengenezaji wasio na fedha. Katika Dark Star ya John Carpenter, ya mwaka 1974, kiumbe wa anga ni mpira wa kuchezea ufukweni uliotiwa miguu. Utazame kwenye nakala iliyotolewa katika nakala nyingine, rangi zikiwa zimefifia na kingo zimelegea, na hata mpira huo utamtia mtoto hofu. Je, ninyi mnakumbuka filamu gani iliyookolewa na ubovu wa picha?

Mwenyeji wa Ngomeni:
Napinga kidogo. Kwetu wazee hawakudanganyika, kaseti iwe mbovu namna gani. Waitaliano walirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele yetu, kuanzia mwaka 1967 hadi 1988, na satelaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zitokazo angani, iliondoka hapo tarehe 12 Desemba 1970. Ami yangu, ambaye ni mvuvi, alikuwa amekwisha kuziona zikipaa. Tulipoweka kaseti ya chombo kinachokatiza kati ya nyota, yeye aliangalia moshi tu: ulitoka nyuma ya chombo, kisha ukajipinda kupanda juu taratibu kama wa chetezo. Akasema hicho kimening'inizwa kwa uzi chumbani, maana roketi ya kweli huuacha moshi ikaenda zake. Tangu hapo kila mtoto wa nyumba ile alitazama filamu za anga akitafuta uzi, na mara nyingine tuliupata.

Wa Langoni, Lamu:
Huku adui alikuwa ukungu. Ukitazama kwenye kidirisha cha kaseti iliyokaa kabatini msimu wa mvua, uliona unga mweupe pembezoni mwa ukanda, na ukiitia hivyohivyo kwenye deki, unga uliziba vichwa, hata kaseti nzuri iliyofuata ikatoa chenga tupu. Mwenye duka tuliyemkodi, mpole kwa mengine yote, alikuwa akizinusa kaseti zinazorudishwa kabla ya kukurejeshea amana.

Kuhusu swali: binamu yangu aliletewa kutoka Marekani filamu ya roboti waliotelekezwa kwenye sayari kame. Kaseti ilikuwa ya NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, na deki yetu ya PAL, mfumo wa huku kwetu, kwa hiyo picha ilitoka bila rangi, ikipanda na kushuka, nasi tukaitazama hivyohivyo mwaka mzima. Ile sayari ya kijivu iliniogofya kikweli. Nilipokuja kuiona ukubwani ikiwa na rangi zake, nilikuta ni machimbo ya mchanga yenye nyasi mbichi ukingoni, na nyuma ya roboti mkuu kuna nguzo ya umeme. Nilichukia.

Mwanzisha mada:
Nguzo ya umeme imenitosha, bwana. Mwenye kaseti za namna hiyo aseme, kwani hapa Shella ya Malindi iko deki inayofanya kazi; ila azikague kwanza kidirishani, maana vichwa vya kubadilisha havipatikani tena.