Kilo 15 kutoka Lamu: nibebe mbuzi, tawa au sufuria?

Binti wa Langoni (Leicester, kwa sasa niko nyumbani):

Assalaam aleikum nyote. Niko Lamu tangu mwezi uliopita na Ijumaa narudi inshaAllah. Sasa mama ametandaza vyombo ukumbini utadhani anafungua duka: mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui, tawa la chuma, sufuria nne zinazoingiana, upawa, kibao cha chapati na kifimbo chake, chungu, halafu kinu. Kinu jamani! Nimemwambia mama hiki kinu kitataka tikiti yake. Ndege ya kutoka Manda tikiti yangu imeandikwa kilo 15 basi, na nimepima dukani kwa jirani, sufuria na kinu peke yake zishakula 11. Halafu flat niliyohamia ina lile jiko la kioo la indaksheni, niliingia wiki moja kabla ya safari kwa hivyo hata chai sijalipikia. Nibebe nini niwache nini? Na msinambie vyote.

Mama wa watatu (Toronto):

Mbuzi. Mengine utapata hukohuko.

Shangazi (Bristol):

Wa aleikum salaam mwanangu. Mimi huu mwaka wa 22 niko huku na kosa la kubeba vyombo nimelifanya kila aina, kwa hivyo nisikize.

Sufuria wacha. Zetu ni aluminiamu, na jiko la indaksheni halitoi moto lenyewe, linatumia sumaku kukipasha chombo, sasa chombo kisichoshika sumaku kwake ni kama hujaweka kitu, litalia pii pii na kukuandikia alama usiyoijua. Mimi nilipohamia nyumba yenye jiko hilo nilikuwa nimetoka na sufuria tano nzito za hapo Lamu, nimezipakia na nguo ndani yake, nikaweka maji ya chai nikasubiri robo saa nzima nadhani umeme umekatika. Moja ya hizo yeo hii naoteshea kotmiri dirishani. Kujua ni rahisi, toa sumaku yoyote iliyobandikwa mlangoni mwa friji ya mamako, itie chini ya chombo, ikishika beba, ikianguka kirudishe jikoni kwake.

Tawa litashika, hilo beba, hasa likiwa la mama mwenyewe. Tawa lililochoma chapati miaka na miaka limeshakunywa mafuta, jipya la dukani utapigana nalo miezi sita chapati zinaganda. Lakini tazama chini yake liwe bapa, likibonyea litapata moto katikati tu na chapati itoke na jicho moja jeusi. Na anza na moto mdogo! Jiko lile linakishtua chuma, langu la kwanza niliwasha mpaka mwisho kwa haraka ya futari likapinda, tangu siku hiyo ukiliweka linazunguka kama pia.

Chungu hakipiki juu ya indaksheni hata ukisomee dua, kinataka oveni. Kizuri, ila kwa kilo 15 hapana.

Lakini najua unaloliogopa wewe ni wali wa nazi, kupalia. Makaa juu ya kifuniko huku hakuna, na tafadhali mwanangu usije ukawasha seredani ndani ya flat hata dirisha likiwa wazi, makaa yanatoa hewa ya sumu haina rangi wala harufu, watu wamelala nayo hawakuamka. Mimi nafanya hivi, sufuria nzito ya chuma isiyo na mikono ya plastiki, tui likishakauka juu ya wali naitia nzima nzima na kifuniko chake ndani ya oveni, digrii 150, dakika 20. Ukoko unashika chini na pembeni, wanangu wanaugombania.

Sasa mbuzi. Watatokea watu hapa wakwambie blenda inatosha. Blenda inasaga, mbuzi inakuna, si kitu kimoja. Umeikalia mbuzi, kizio kiko mkononi, unaanzia ukingoni unazungusha unaingia ndani pole pole, na mkono unasikia nyama inapokwisha na ile ngozi ya kahawia inapoanza, hapo unahama. Nazi inatoka nyeupe pe. Blenda haina mkono, inasaga na ngozi, tui linakuja na rangi ya chai ya maziwa, na ukisema uimenye kwanza kwa kisu utamaliza saa nzima na nusu ya kidole. Kifumbu hakina uzito hata wa leso, tia viwili. Usikioshe kwa sabuni, maji moto tu kisha kikauke sawasawa, jua la Leicester unalijua wewe, mimi changu nakilaza juu ya redieta. Kimoja nilikirudisha kabatini kibichi, nilipokitoa kimeota ukungu kama ndevu.

Kinu mwombe radhi mama.

Kaka (Minneapolis):

Shangazi shikamoo, samahani lakini nitakuwa huyo mtu wa blenda. Mbuzi ninayo, imekaa sebuleni, wageni wanaipiga picha. Tatizo si mbuzi, tatizo ni nazi! Mwezi wa kwanza huku nje kila kitu ni barafu, nanunua nazi tatu, nikizitikisa maji yanasikika kidogo tu, nazivunja, moja imeoza, moja inanuka sabuni, inabaki moja na hiyo nayo imekauka. Nikaacha. Sasa nanunua nazi iliyokunwa tayari imegandishwa, iko kwenye mafriji ya maduka ya Wahindi na ya Wafilipino, naiacha iyeyuke, maji moto yasiyochemka, blenda dakika moja, kifumbu, tui la kwanza hilo. Kifumbu nakubaliana na wewe mia kwa mia. La kopo nalo soma karatasi yake kabla hujalipia, chukua lililoandikwa nazi na maji tu, yale yenye gamu hayakatiki kama tui, unapika mchuzi unakuwa kama gundi.

Halafu tukitaja blenda, walioko Marekani msizibebe kutoka nyumbani, huku ni volti 120 na Kenya 240, itazunguka kama mgonjwa. Binti wewe wa Uingereza hata plagi ni ile ile ya miguu mitatu.

Shangazi (Bristol):

Marahaba. Nazi ya barafu ni sawa kwa mchuzi. Kwa wali hapana.

Mama wa watatu (Toronto):

Na kikaango cha vitumbua usibebe, ni kizito bure. Ingia duka lolote la Watamil uliza cha paniyaram, ni vishimo vile vile, changu nakipikia vitumbua kila Ramadhani na hakuna aliyejua tofauti. Na mtu asikudanganye kuhusu airfraya na mahamri, nimejaribu mara mbili, yanatoka mikate migumu. Hamri linafura kwa mafuta.

Mjomba (Perth):

Nadandia tu kwa walioko Australia. Kila kitu cha mti au ukindu kitangazeni mkifika, mwiko, kibao, kifumbu, upawa, vyote. Mimi nilitangaza mbuzi, afisa akaikunja akaikunjua akaniuliza hii ni ala ya muziki ya wapi. Nikaikalia palepale nikamwonyesha. Akatafuta matundu ya wadudu hakuona, akanipa nikaenda zangu. Ukificha ndio utalipa faini.

Binti wa Langoni:

Ahsanteni sana. Nimefanya ile ya sumaku, sufuria zote nne zimeanguka, mama kasimama mlangoni anaangalia kama mimi ndiye niliyeziloga. Tawa limeshika! Na ni bapa. Kwa hivyo ni tawa, mbuzi, vifumbu viwili (mama kaongeza cha tatu), na kifimbo bila kibao maana chapati nitasukumia mezani. Kilo 8 na nusu. Kinu kimerudi uani, mama hajasema neno, lakini upawa nimeukuta ndani ya kiatu changu.

Swali moja tu, kile chuma cha mbuzi chenye meno hakitoki, kimepigiliwa. Najua lazima kiende kwenye mzigo wa chini, ila nakifunga na nini?

Mama wa watatu (Toronto):

Leso kuukuu, ikunje mara tatu uifunge na kamba, na meno yaelekee katikati ya begi, usiyaelekeze pembeni. Yangu yalitoboa begi langu yakaingia la mwenzangu, na ndani mlikuwa na buibui mpya ya mtu.