Chuo cha Kodi, CPA au kuanzia mtaani?

Kijana_Kibada: Wakuu, nina digrii ya uhasibu, ajira hakuna. Nataka kuwa mshauri wa kodi. Hela yangu inatosha jambo moja: stashahada ya uzamili ya kodi pale Chuo cha Kodi, au mitihani ya CPA, yaani uhasibu wa kitaalamu, ya NBAA, bodi ya wahasibu. Nianze na ipi?

BiHesabu: CPA, bila kupepesa macho. Kodi ya mapato inaanzia kwenye vitabu vya biashara: uchakavu wa mali ulioandika vitabuni unaurudisha kwenye faida, halafu unakata ule wa viwango vya sheria. Asiyejua vitabu atakwama hapo hapo.

Forodha_Line: Chuo cha Kodi mkuu! Hata uwakala wa forodha wanafundisha.

BiHesabu: Huo ni wa kutoa mizigo bandarini, kaka. Usimpoteze kijana.

MzeeWaRitani: Mimi nilianzia Kariakoo, nyuma ya duka la vitenge, najazia wafanyabiashara ritani, zile fomu za kodi, kwa nauli na chakula cha mchana. Tarehe 7 PAYE, kodi ya mishahara, tarehe 20 VAT, kila robo mwaka awamu ya kodi ya mapato waliyojikadiria. Mwezi hauishi hujajifunza kitu.

Siku moja mteja ananiletea notisi ya makadirio, yaani kodi aliyokadiriwa na TRA, mamlaka ya mapato, nahesabu: siku ya 41 tangu aipokee. Kuyawekea pingamizi mwisho siku 30! Na si barua tu. Unatanguliza kodi usiyoibishia au theluthi ya yote, kubwa kati ya hizo. Sheria hiyo nilikuwa nimeisoma, ila siku hiyo ndipo iliponiingia. Kwa hiyo kijana, tafuta ofisi ya mshauri ujitolee miezi 6, hela yako uilipie CPA mdogo mdogo. Stashahada itakungoja.

BiHesabu: Ila mzee, mwambie na usajili. Huwezi kujiita mshauri wa kodi hujasajiliwa TRA, na mtaani hawakupi cheti cha kupeleka huko.

MzeeWaRitani: Kweli kabisa. Nilichelewa sana kusajiliwa, na wateja wakubwa walinipita hivi hivi.

Kijana_Kibada: Shikamoo mzee. Yule wa siku 41 iliishaje?

MzeeWaRitani: Marahaba. Alikuwa amelazwa, na karatasi za hospitali tulikuwa nazo. Tukaomba kuongezewa muda, tukapewa. Iliyomtoa jasho ni ile theluthi ya kutanguliza.